Jinsi ya kuunda chama cha jimbo cha wataalamu wa elektrolisisi Marekani

Mtaalamu wa elektrolisisi, yaani wa kuondoa nywele kwa sindano yenye umeme, kwa kawaida hufanya kazi peke yake: chumba kimoja, kitanda kimoja, taa yenye lenzi, mteja mmoja kwa wakati. Akikwama kuhusu ngozi ya mteja hana wa kumuuliza kwenye meza ya jirani, na bunge la jimbo likipanga kufuta leseni yake anaweza kupata habari baada ya kura kupigwa. Upweke huo ndio sababu ya kwanza ya kuwa na chama. Mwongozo huu ni kwa wenye taaluma hii Marekani, pamoja na Waswahili walioingia kwenye kazi hiyo huko, ambao wanaona jimbo lao halina chombo cha kuwasemea.

Kazi yenyewe inastahili kusemewa. Ilianza na daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, aliyeandika mwaka 1875 jinsi alivyoharibu kwa sindano yenye umeme mizizi ya kope zilizokuwa zikiota kuelekea jichoni. Hadi leo elektrolisisi ndiyo njia ambayo FDA, mamlaka ya chakula na dawa, inaitambua kuwa huondoa nywele kwa kudumu. Leza inaruhusiwa kudai kwamba inapunguza tu. Tena leza hutafuta weusi ulio ndani ya unywele, kwa hiyo ngozi nyeusi inataka tahadhari kubwa na nywele nyeupe hazisikii kabisa. Umeme unaopita kwenye sindano haujali rangi ya ngozi wala ya unywele. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo: wanaume wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu, kina mama ambao homoni zimewaotesha ndevu kidevuni, watu wenye makovu wanaoogopa kuunguzwa.

Kwanza, hakikisha chama hakipo

Hatua hii wengi huiruka. Baadhi ya majimbo yana vyama vya miaka mingi, California ikiwa mojawapo. Vingine vimelala: jina bado liko kwenye daftari la mashirika la ofisi ya Katibu wa Jimbo, lakini hakuna kikao kilichoitishwa kwa muda mrefu. Tafuta jina kwenye daftari hilo, ambalo majimbo mengi huliweka wazi mtandaoni. Kisha uliza American Electrology Association, AEA, chama cha kitaifa kilichoanzishwa mwaka 1958 na ambacho kina vyama vya majimbo vilivyojiunga nacho. Uliza pia Society for Clinical and Medical Hair Removal, ambayo nayo hutoa vyeti vyake.

Ukikuta chama kilicholala, kiamshe. Watafute viongozi wa mwisho, waombe daftari la wanachama, katiba na hesabu za benki. Kufufua ni kazi ya kuchosha, lakini vyama viwili katika jimbo lenye wataalamu wachache vitagawana ada, vitagawana wahadhiri, na mbele ya bunge vitasikika kama watu wasioelewana.

Pili, ijue nyumba ambamo leseni yako inaishi

Kabla ya kumwita mtu yeyote, soma sheria ya jimbo lako mwanzo hadi mwisho. Kazi hii moja ina nyumba tofauti kila unapovuka mpaka. California imeiweka chini ya Bodi ya Vinyozi na Urembo, na mwanafunzi anatakiwa kusoma saa 600. Florida imeiweka upande wa afya, kwenye Baraza la Elektrolisisi lililo chini ya Bodi ya Udaktari. New Jersey ina kamati ya ushauri ya wataalamu wa elektrolisisi chini ya bodi ya madaktari. Oregon imewaweka pamoja na wachora tatuu katika bodi moja. New York haitoi leseni ya kazi hii kabisa.

Tofauti hizo ndizo zitakazoamua chama chako kitashughulika na nini. Mahali ambapo mmewekwa na vinyozi, kazi kubwa itakuwa kueleza kwamba sindano inayoingia kwenye ngozi si sawa na kusuka nywele. Mahali mlipo chini ya madaktari, mtajadili nani anamsimamia nani. Pasipo na leseni, swali la kwanza ni kama mnaitaka, na mjiandae, kwa sababu wenyewe kwa wenyewe hamtakubaliana.

Nenda ukahudhurie vikao vya bodi hiyo. Viko wazi kwa watu wote. California kwa mfano ina sheria ya vikao vya wazi, Bagley-Keene, inayoitaka bodi itangaze ajenda siku 10 kabla na kuwapa wananchi nafasi ya kusema. Kaa, sikiliza, andika. Jua nani ni mjumbe, nani ni mtendaji anayeandaa makaratasi, na hoja gani zinarudi kila mara. Ukihudhuria mara kadhaa utakuwa unajua mengi kuliko wenzako wengi wenye leseni, na huo ndio mtaji utakaouleta kwenye kikao cha kwanza.

Tatu, kamati ya muda na orodha ya majina

Watu watano wanatosha. Wachague kwa makusudi: mmoja aliyezeeka kwenye kazi, mmoja aliyemaliza shule juzi, mmoja wa mji mkuu wa jimbo ambako bunge liko, mmoja wa mji mdogo wa mbali, na mmoja anayependa hesabu. Kamati ikiwa ya marafiki wa mtaa mmoja, wa mbali watakiita chama cha fulani, na jina hilo halifutiki.

Kwenye majimbo yenye leseni, majina ya wenye leseni kwa kawaida ni habari za umma. Unaweza kuyapata kwenye tovuti ya bodi au kwa kuandika ombi rasmi. Waandikie wote, si wale unaowajua tu. Barua iwe fupi: sisi ni nani, tatizo gani limetukutanisha, tunakutana lini na wapi, na maswali matatu ya kujibu. Swali la muhimu kuliko yote ni hili: ni jambo gani moja ambalo huwezi kulifanya peke yako? Majibu yatakayojirudia ndiyo madhumuni ya chama. Msiyatunge ninyi.

Usiombe pesa kwenye barua hiyo. Gharama za mwanzo ni ndogo, na kamati inaweza kuchangishana, mradi kila senti iandikwe na risiti itunzwe ili chama kikishasimama kiamue kuwarejeshea au la.

Nne, mkutano wa kwanza

Panga mkutano wa muda wa saa mbili, siku ambayo vyumba vingi vya kazi vimefungwa. Jumatatu huwafaa wengi. Weka njia ya kushiriki kwa video, maana aliye umbali wa saa sita kwa gari ana leseni ileile. Mchague mwenyekiti wa siku hiyo na katibu wa kuandika kumbukumbu, halafu mwende kwenye hoja. Anza na somo fupi la kazi, labda dakika 40 kuhusu kutibu ngozi inayoota makovu makubwa, ili hata atakayeondoka bila kujiunga aondoke na kitu. Kisha wasilisha majibu ya barua, jadilini, na pigeni kura ya swali moja: tuunde chama au tusiunde? Wakikubali, ichagueni kamati ya kuandika katiba na ipeni tarehe ya kurudi.

Msichague viongozi wa kudumu siku hiyo. Watu watakuwa hawajajuana, na anayesema kwa sauti kubwa ndiye atakayepata kura.

Tano, katiba

Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Katiba ya kunakili kutoka chama cha mabaharia au cha wauza nyumba itawafunga siku ya kwanza mtakapogombana.

Mwanachama ni nani? Swali hili peke yake linaweza kula vikao vitatu, na msilikimbize. Mwenye leseni ya jimbo, bila shaka. Na anayefanya elektrolisisi na leza pamoja? Florida inawaruhusu wataalamu wa elektrolisisi kutumia leza chini ya usimamizi wa daktari, kwa hiyo huko mpaka kati ya kazi hizi mbili si ukuta. Na mwanafunzi? Na mwenye shule? Na muuza mashine na sindano? Maoni yangu ni haya: mwenye sifa ya kufanya kazi kisheria awe mwanachama kamili mwenye kura, mwanafunzi aingie kwa ada ndogo, aseme lakini asipige kura, wauzaji wawe wanachama washiriki na wasikalie kamwe kiti cha uongozi, maana siku chama kitakapopendekeza viwango vya vifaa itabidi mtu awaamini. Jimboni pasipo leseni, tumieni kipimo cha nje, kama cheti cha CPE (Certified Professional Electrologist) kinachotolewa kupitia AEA au idadi ya saa za mafunzo, badala ya kuiachia kamati ihukumu nani anafaa.

Muda wa uongozi uwe na mwisho. Miaka miwili, mara mbili mfululizo, basi. Pangeni wajumbe wasitoke wote mwaka mmoja, ili wapya wakute wa zamani wa kuwaelekeza. Akidi msiipandishe sana. Wataalamu hawa wana wateja, na chama kinachodai nusu ya wanachama wawepo ndipo kiamue kitapita mwaka bila uamuzi. California, katiba isiposema vingine, sheria ya mashirika ya manufaa ya wanachama huweka akidi ya mkutano wa wanachama kuwa theluthi moja ya kura.

Andikeni pia mgongano wa maslahi unashughulikiwaje, nani anaweza kumwondoa kiongozi na kwa kura ngapi, katiba inabadilishwaje, na chama kikifa mali yake inakwenda wapi. Utaratibu wa vikao msiutunge upya. Semeni tu kwamba mtafuata Robert's Rules of Order, kanuni za mikutano zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na ambazo Wamarekani wengi wamekulia ndani yake.

Sita, usajili na kodi

Karatasi zina mpangilio, na kuuvuruga kunagharimu. Kwanza shirika lisajiliwe kwenye jimbo kama shirika lisilo la faida. Kwa California, chama cha taaluma huandikishwa kama shirika la manufaa ya wanachama. Ada ya hati ya kuanzisha ni dola 30, kisha taarifa ya shirika kwa dola 20 ndani ya siku 90. Majimbo mengine yana ada na fomu zake, lakini mtiririko ni huohuo.

Shirika likishakuwepo kisheria, liombee namba ya utambulisho ya mwajiri, EIN, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho. Unahitaji namba hiyo hata kama hamtaajiri mtu, kwa sababu benki haitawafungulia akaunti bila hiyo. Ni bure. Wapo wanaotoza pesa kukujazia fomu hiyo; usiwalipe.

Baada ya hapo ndipo msamaha wa kodi. Wengi huwaza 501(c)(3), kifungu cha mashirika ya hisani, kwa kuwa ndicho wanachokisikia. Chama cha taaluma mahali pake ni 501(c)(6), pamoja na vyama vya wafanyabiashara. Tofauti ni kubwa. Chini ya (c)(6) mnaweza kuwashawishi wabunge kuhusu taaluma yenu bila kikomo wanachowekewa wa hisani. Lakini michango haikatwi kodi kama sadaka. Mwanachama anaweza kuihesabu ada kuwa gharama ya biashara, isipokuwa ile sehemu iliyotumika kuwashawishi wabunge, na chama kinapaswa kuwaarifu wanachama kiasi hicho. Ombi linapelekwa kwa Fomu 1024, mtandaoni, kwa ada ya dola 600. Likipelekwa ndani ya miezi 27 tangu chama kianzishwe, msamaha huhesabiwa tangu siku ya kuanzishwa.

Angalieni mtego mmoja. Kifungu cha (c)(6) ni kwa ajili ya kuinua taaluma nzima. Shughuli kuu ya chama ikiwa ni kuwatangazia biashara wanachama mmoja mmoja, IRS inaweza kusema mnatoa huduma kwa watu binafsi na kuwanyima msamaha. Orodha ya wanachama kwenye tovuti haina ubaya, ila isiwe ndiyo chama chote.

Na msisahau kodi ya jimbo, kwani msamaha wa shirikisho haujibebi wenyewe hadi huko. California hulidai shirika kodi ya chini ya dola 800 kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza, mpaka mamlaka ya kodi ya jimbo iwaandikie kwamba mmesamehewa. Kuna vyama vidogo ambavyo deni hilo peke yake lingetosha kuviua.

Kisha kila mwaka kuna ripoti. Mapato yakiwa kwa kawaida hayazidi dola 50,000, ni Fomu 990-N, ile inayoitwa postikadi ya kielektroniki, yenye maswali machache. Kwa wanaofuata mwaka wa kalenda, mwisho ni tarehe 15 Mei. Miaka mitatu mfululizo bila ripoti, msamaha unafutika wenyewe. Iandikeni tarehe hiyo kwenye katiba kama jukumu la mtunza hazina, isiwe kumbukumbu ya kichwani mwa mtu.

Saba, fedha

Ada iwe ya kiasi ambacho mtu anayeanza kazi anaweza kulipa bila kuuliza nyumbani. Benki nyingi siku hizi hazihakiki saini mbili kwenye hundi, kwa hiyo ulinzi wa kweli ni mtu wa pili, asiye mtunza hazina, kuiona taarifa ya benki kila mwezi. Nunueni bima ya viongozi mapema. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 huwakinga wanaojitolea kwa kiasi fulani, lakini haimzuii mtu kuwafungulia kesi, na wakili wa kujitetea analipwa hata mkishinda.

Nane, bei: jambo la kutogusa

Hili ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu huja likiwa limevaa nguo ya urafiki. Mko kumi mezani, chai imemiminwa, mmoja anauliza: "Jamani, ninyi mnatoza kiasi gani kwa nusu saa?" Mwingine anasema wote wapandishe, maana kodi ya pango imepanda. Chini ya sheria ya Sherman ya mwaka 1890, sheria ya shirikisho ya kulinda ushindani, washindani wakikubaliana bei wametenda jinai. Kila chumba cha kazi ni biashara inayojitegemea, na chama chenu ni mkusanyiko wa washindani. Adhabu ya juu kwa mtu binafsi ni kifungo cha miaka 10 na faini ya dola milioni moja.

Msidhani udogo au utaalamu utawakinga. Mwaka 1975, katika kesi ya Goldfarb dhidi ya chama cha mawakili cha Virginia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hata mawakili hawaruhusiwi kuwekeana ada ya chini. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilikifanya chama cha kitaifa cha walimu wa muziki kiondoe kwenye maadili yake kifungu kilichowakataza wanachama kuwavuta wanafunzi wa wenzao. Kifungu hicho kwa jicho la kawaida ni adabu tu: usimnyang'anye mwenzako mteja. Kwa jicho la sheria ni kuzuia ushindani. Vyama vya urembo hupenda sana kuandika maneno ya namna hiyo, basi kiangalieni mara mbili kila kifungu cha maadili yenu.

Ipo pia kesi ya mwaka 2015 inayowahusu ninyi karibu zaidi. Bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, ambayo wajumbe wake wengi walikuwa madaktari wanaofanya kazi hiyo, iliwaandikia barua watu wasio madaktari waliokuwa waking'arisha meno, ikiwaamuru waache. Mahakama Kuu ilisema bodi inayoongozwa na washindani haina kinga dhidi ya sheria ya ushindani bila usimamizi wa kweli wa serikali. Mjumbe wenu akiteuliwa kwenye bodi ya leseni, na nawatakia apatikane, asiende huko kuwafukuza wapya. Mkisema mtu fulani asifanye kazi hii, sababu iwe usalama wa mteja inayoweza kuonyeshwa kwa ushahidi.

Kwa vitendo: someni tamko fupi la sheria ya ushindani mwanzoni mwa kila kikao, mpeni mwenyekiti mamlaka ya kukatiza mazungumzo ya bei, na katibu aandike kwamba yalikatizwa. Mkiwa na wakili wa kulipa kwa jambo moja tu, mlipeni asome sehemu hii ya katiba na maadili yenu.

Tisa, mwaka wa kwanza

Fanyeni machache. Siku moja ya mafunzo yenye saa zinazohesabika kwa wenye CPE, ambao hutakiwa kuendelea kusoma ili wabaki na cheti, itawaleta hata wasiopenda vikao. Somo la kwanza liwe kinga dhidi ya maambukizi: sindano ya kutumika mara moja, koleo lililopita kwenye mashine ya mvuke, kumbukumbu za kupima kama mashine inaua vijidudu kweli. AEA ina viwango vyake vya kinga. Viasilini na mseme hadharani kwamba wanachama wenu wanavifuata.

Jambo la pili ni bima za afya. Wapo wateja wanaotumwa na madaktari, wakiwemo wanaotakiwa kuondolewa nywele kabla ya upasuaji wa kubadili jinsia. Huduma hiyo ina namba yake ya kudai malipo, 17380, inayohesabiwa kwa kila nusu saa. Mtaalamu mmoja mmoja hushindwa na makaratasi ya bima na kuishia kukataa wateja hao. Chama kinaweza kuandaa mafunzo ya kujaza madai na kukutana na kampuni za bima kueleza kazi inavyofanyika. Zungumzeni utaratibu, si kiwango cha malipo, kwa sababu iliyokwisha kutajwa.

La tatu ni kulifuatilia bunge. Mjumbe mmoja apewe kazi ya kuangalia kila wiki miswada yenye maneno ya leseni, urembo na nywele wakati bunge linapokaa. Majimbo kama California huzipitia bodi zao kila baada ya miaka michache kuamua kama ziendelee, na mapitio hayo ndipo leseni ndogo hufutwa kimyakimya kwa hoja ya kupunguza vikwazo vya kazi. Mswada ukitokea, andaeni maelezo yasiyozidi kurasa mbili: kazi inafanywaje, sindano inaingia wapi, madhara gani hutokea ikifanywa vibaya, mnapendekeza maneno gani badala ya yaliyomo. Mpelekeeni msaidizi wa mbunge kabla ya siku ya kusikilizwa, kwa kuwa yeye ndiye anayesoma. Siku yenyewe wapelekeni watu wawili, mtaalamu na mteja aliye tayari kusema, na kila mmoja apange maneno ya dakika mbili. Angalieni mapema kama jimbo lenu linamtaka anayelipwa kushawishi wabunge ajisajili. Wanaojitolea kwa kawaida hawahusiki, lakini mkimlipa mtu, hata kidogo, swali hilo lijibiwe kabla hajaingia ofisi ya mbunge.